Kahawa ya Mbozi na nusu ya mkataba iliyobaki Havana

Mkulima wa kahawa wa Mbozi anapopokea malipo ya awali kutoka chama chake cha msingi, bei anayolipwa imeanzia mbali. Imeanzia New York, kwenye soko ambako arabika ya dunia nzima hupangiwa thamani kwa senti za dola kwa kila ratili, kisha ikapita mnadani na kukatwa gharama za kukoboa, usafiri, ushuru na makato ya chama. Hilo wakulima wanalijua vizuri. Ukikaa nao Vwawa au Mlowo watakueleza bila kuhitaji mtaalamu. Jambo lisilojulikana sana ni kwamba Machi 1948, mjini Havana, Kuba, nchi 53 zilitia saini hati iliyokuwa na sura nzima kuhusu bei za mazao kama kahawa, na hati hiyo haikufanya kazi hata siku moja.

Habari ya dunia iliyojengwa baada ya Vita Kuu ya Pili husimuliwa hivi: mataifa yalijifunza kutokana na vita, yakapunguza ushuru, yakafungua milango, biashara ikastawi na amani ikaja. Sehemu kubwa ya habari hiyo ni kweli, na inastahili kuelezwa kwa heshima. Lakini mlango uliofunguliwa ulikuwa wa bidhaa za viwandani. Ule wa mazao ya shambani uliachwa umefungwa, au nusu wazi, kwa makusudi. Anayetaka kuelewa kwa nini Iringa, Njombe, Mbeya na Songwe zimezalisha chai, kahawa, pareto na kakao kwa vizazi kadhaa bila bei kutulia, inambidi arudi kwenye kumbi za mikutano za miaka ya 1940, na kabla ya hapo, kwenye dhahabu ya mto Lupa, Chunya.

Bei ya dhahabu ilipopangwa Washington

Juni 1930 Rais Herbert Hoover wa Marekani alisaini sheria ya ushuru inayojulikana kwa majina ya wabunge wawili, Smoot na Hawley. Ilipandisha ushuru wa maelfu ya bidhaa zilizotoka nje, na nchi nyingine zikalipiza. Mwaka 1932 Uingereza na nchi za himaya yake zilikutana Ottawa zikakubaliana kupendeleana kibiashara na kuwawekea wengine ukuta. Ujerumani nayo, kuanzia 1934, ikageukia biashara ya kubadilishana bidhaa na nchi moja moja ili isitumie fedha za kigeni. Kati ya 1929 na 1934 thamani ya biashara ya dunia ilishuka kwa karibu theluthi mbili. Ushuru haukuwa sababu pekee. Mabenki yalikuwa yanaanguka na bei zenyewe zilikuwa zinaporomoka. Ila kila serikali iliyojifungia iliwaumiza majirani zake, na majirani wakajibu kwa kujifungia zaidi.

Tanganyika ya Waingereza iliishi kwa mkonge, kahawa na pamba, na mazao yote hayo yakakosa bei. Wakati huohuo dhahabu ikapanda. Uingereza ilikuwa imeacha kuifunga pauni yake na dhahabu Septemba 1931, na Januari 1934 Rais Franklin Roosevelt akapandisha bei rasmi ya dhahabu kutoka dola 20.67 hadi dola 35 kwa wakia. Dhahabu ya Lupa ilikuwa imegunduliwa tangu miaka ya 1920, lakini sasa, shamba likiwa halilipi na wakia moja ikiwa na thamani mpya, watu walimiminika Chunya. Walikuwapo walowezi waliofilisika, na walikuwapo maelfu ya vijana wa Kinyakyusa, Kisafwa, Kinyiha na wa kutoka mbali zaidi waliohitaji shilingi za kodi ya kichwa. Mji ulichipuka porini kwa sababu ya uamuzi uliofanywa Washington na watu ambao hawakuwa wanaifikiria Chunya hata kidogo.

Bei hiyo ya dola 35 ndiyo iliyokuja kuwa nguzo ya fedha za dunia. Julai 1944, vita ikiwa bado inapiganwa, wajumbe wa nchi 44 walikutana katika hoteli moja ya milimani huko Bretton Woods, Marekani. Walikubaliana kwamba dola itafungwa na dhahabu kwa bei hiyo, na fedha nyingine zifungwe na dola. Wakaanzisha Shirika la Fedha la Kimataifa na benki ambayo leo tunaiita Benki ya Dunia. Lengo lilikuwa wazi: mfanyabiashara anayenunua au kuuza nje asiamke akute fedha ya mwenzake imeshushwa thamani usiku, kama ilivyotokea mara nyingi miaka ya 1930. Bila fedha zilizotulia, kupunguza ushuru ni kazi bure, maana nchi inaweza kushusha thamani ya fedha yake ikapata faida ileile ambayo ushuru ungeipa.

Kwa Chunya, utulivu huo ulikuwa na gharama. Mishahara, dizeli na mashine vilipanda bei baada ya vita, dhahabu ikabaki dola 35. Mgodi wa Saza, uliokuwa mkubwa kuliko mingine ya Lupa, ulifungwa katikati ya miaka ya 1950. Bei rasmi haikuguswa mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tarehe 15 Agosti 1971 Rais Richard Nixon alikata uhusiano kati ya dola na dhahabu, na Januari 1980 wakia moja ilikuwa inauzwa kwa zaidi ya dola 800. Wachimbaji wadogo wanaopeleka dhahabu yao kwenye soko la madini la Chunya leo wanafanya kazi katika dunia iliyozaliwa siku ile ya Agosti.

Hoja ya Cordell Hull

Mtu aliyeibeba hoja ya biashara kama dawa ya vita alikuwa Cordell Hull, mwanasiasa kutoka Tennessee aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani kuanzia 1933 hadi 1944. Hull aliamini kwamba nchi isiyoweza kununua malighafi kwa amani itazitafuta kwa bunduki. Mwaka 1934 alifanikiwa kulishawishi Bunge lao limruhusu rais kujadiliana na nchi nyingine kupunguza ushuru kwa makubaliano ya pande mbili. Agosti 1941, Roosevelt na Winston Churchill walipokutana melini karibu na pwani ya Newfoundland, waliandika katika tamko lao la pamoja kwamba nchi zote, kubwa na ndogo, zipate kwa usawa biashara na malighafi za dunia. Churchill aliomba yaongezwe maneno ya kulinda wajibu uliokuwapo tayari, na kila mtu alielewa kwamba alikuwa anaulinda upendeleo wa Ottawa.

Nyanda za Juu Kusini ziliiona vita hiyo kwa karibu kuliko vitabu vingi vinavyokiri. Septemba 1939 walowezi wa Kijerumani wa Iringa, Mufindi na Mbozi walikamatwa na mashamba yao kuwekwa chini ya msimamizi wa mali za adui. Hivyo ndivyo sehemu ya chai ya Mufindi ilivyopita mikononi mwa Waingereza. Miaka michache baadaye wakimbizi wa Kipolandi, waliotolewa makwao na Wasovieti na kuzunguka kupitia Uajemi, walifikishwa Ifunda na Kidugala. Wanawake na watoto waliopoteza kila kitu Ulaya wakalima bustani katika ardhi ya Wahehe na Wabena. Kwa hiyo Hull aliposema vita lazima izuiwe, alikuwa anazungumzia jambo ambalo hata Ifunda lilikuwa na sura za watu.

Hapo Bretton Woods kulikuwa na mabishano ambayo yangeweza kutubadilishia mambo. John Maynard Keynes, mwakilishi wa Uingereza, alitaka fedha ya kimataifa ya mahesabu na kanuni ya kuibana pia nchi yenye ziada, isiwe kwamba mwenye deni peke yake ndiye anayelazimishwa kufunga mkanda. Mwaka 1942 alikuwa pia ameandika mpango wa maghala ya kimataifa ya mazao: yanunue bei inaposhuka sana, yauze inapopanda sana. Lakini Harry Dexter White wa Marekani ndiye aliyekuja na mpango uliopita, kwa sababu Marekani ndiyo iliyokuwa na dhahabu. Mwenye deni akabaki peke yake na mzigo. Mpango wa maghala haukupata kiti kwenye mkutano ule.

Mkataba ulifanya nini hasa

Tarehe 30 Oktoba 1947, mjini Geneva, nchi 23 zilisaini Mkataba wa Jumla wa Ushuru na Biashara, ambao wengi wanaujua kwa herufi za GATT. Ulianza kazi tarehe 1 Januari 1948. Ndani yake kulikuwa na makubaliano kama 45,000 ya kupunguza ushuru, yaliyogusa takribani sehemu moja ya tano ya biashara ya dunia.

Moyo wa mkataba ulikuwa kanuni moja. Fikiria mwenye duka la jumla pale Mwanjelwa ambaye amekula kiapo kwamba akimpunguzia bei mteja mmoja, siku hiyohiyo atawapunguzia wote, na mteja mdogo wa Mbalizi atapata bei ileile aliyopewa tajiri wa Tunduma. Ndivyo nchi zilivyoapiana kuhusu ushuru. Kanuni ya pili ilisema bidhaa ikishalipiwa ushuru mpakani, huko ndani isibaguliwe kwa kodi au sheria za kuipendelea ya nyumbani. Ya tatu ilitaka ulinzi wa viwanda ufanyike kwa ushuru unaoonekana na kuhesabika, si kwa vikwazo vya idadi vilivyofichwa katika vibali.

Kwa bidhaa za viwandani, kazi ilifanyika kweli. Duru za mazungumzo zilifuatana kwa karibu nusu karne, na wastani wa ushuru wa nchi zenye viwanda ukashuka kutoka kama asilimia 22 hadi chini ya asilimia 5. Ujerumani Magharibi iliingizwa 1951, Japani 1955. Maadui wa jana wakapewa soko. Mpango wa Marshall, msaada wa Marekani uliomwaga takribani dola bilioni 13 Ulaya Magharibi kati ya 1948 na 1952, ulizitaka nchi zilizofaidika zilegeze vikwazo kati yao. Mwaka 1951 Ufaransa, Ujerumani Magharibi, Italia na majirani zao watatu waliunganisha soko la makaa ya mawe na chuma, malighafi za vita zenyewe. Ufaransa na Ujerumani zilikuwa zimepigana mara tatu tangu 1870, hazijapigana tena. Majeshi ya Marekani yaliyobaki Ulaya na hofu ya bomu la nyuklia vilikuwa na mchango mkubwa, na sikubaliani na wanaolipa soko sifa yote. Lakini mtu asiyetambua ukubwa wa jambo hili hajalitafakari.

Umoja wa Kisovieti ulihudhuria Bretton Woods, kisha ukakataa kuridhia. Kuanzia hapo mfumo wa biashara ukawa pia uzio: walio ndani walifanya biashara wao kwa wao na kulindwa na jeshi moja. Katika miaka ya Vita Baridi huwezi kutenganisha ushuru na silaha.

Waliokuwapo mezani

Angalia orodha ya wale 23. Kutoka Afrika waliosaini walikuwa wawili: Afrika Kusini na Rhodesia ya Kusini, zote chini ya serikali za walowezi weupe. Tanganyika ilikuwa eneo la udhamini la Umoja wa Mataifa likitawaliwa na Uingereza, na haikuulizwa.

Tena, Tanganyika ilikuwa imeishi chini ya mlango wazi miaka mingi kabla ya Geneva. Mkataba wa Berlin wa 1885 ulitangaza eneo kubwa la biashara huria lililoanzia Kongo hadi Bahari ya Hindi, na nyanda zetu zilikuwa ndani yake. Masharti ya Shirikisho la Mataifa baada ya 1919 nayo yaliilazimu Uingereza kuwapa wanachama wote nafasi sawa ya kuuza hapa. Ndiyo sababu miaka ya 1930 vitambaa vya pamba vya Japani viliuzwa kwa wingi Afrika Mashariki wakati Uingereza ilikuwa inavizuia kwingineko. Mnunuzi alinufaika kwa nguo rahisi. Lakini mlango ule ulifunguliwa na kulindwa na wengine kwa manufaa yao, na mwenye nyumba hakuwa na sauti juu ya kinachoingia wala kinachotoka. Uhuru wa biashara na uhuru wa watu ni vitu viwili, na wilaya zetu zilikuwa na cha kwanza miongo mingi kabla ya kupata cha pili.

Tarehe 9 Desemba 1961, siku bendera ilipopandishwa, Tanganyika ilihesabiwa pia mwanachama wa GATT, kwa kifungu kilichoruhusu koloni la zamani kurithi uanachama kupitia mtawala wake. Iliingia bila kujadili, katika nyumba ambayo vyumba vyake vilikuwa vimeshagawanywa.

Havana

GATT yenyewe ilikusudiwa iwe ya muda tu. Jengo lenyewe lilikuwa Shirika la Kimataifa la Biashara, ambalo hati yake ilijadiliwa Havana, Kuba, kuanzia Novemba 1947 hadi Machi 1948. Mkutano ule ulikuwa tofauti na Geneva kwa sababu nchi za Amerika ya Kusini na India zilikuja kwa wingi wa hoja. Walisema: sisi tunauza kahawa, bati, pamba, sukari; bei zetu zinapanda na kushuka kuliko bei za matrekta; mnatuambia tufungue masoko ya matrekta, je, mtafanya nini kuhusu bei ya kahawa?

Jibu lilikuwa sura ya sita ya hati ile. Ilikubali kwamba mazao ghafi yana shida yake ya pekee. Mbuni unachukua kama miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa vizuri, kwa hiyo bei nzuri ya leo inawafanya watu wa nchi kumi kupanda kwa pamoja, na wote wanavuna kwa pamoja bei ikiwa imeshaanguka. Bei ikianguka, mkulima hawezi kufunga shamba kama kiwanda kinavyofunga zamu ya usiku. Analima zaidi ili apate fedha ileile, na mzigo unaongezeka sokoni. Mnywaji wa kahawa naye hanywi vikombe viwili zaidi kwa sababu bei imeshuka. Sura ya sita iliruhusu serikali za wauzaji na wanunuzi zikae pamoja, zenye kura sawa kwa pande zote mbili, zipange mgawo wa mauzo au akiba ya kununua na kuuza. Hati hiyo ilikuwa pia na sura kuhusu makampuni makubwa yanayokula njama kupanga bei, na nyingine kuhusu ajira.

Nchi 53 zilisaini. Nchini Marekani wafanyabiashara wa mrengo mmoja waliiona inaingilia soko mno, wa mrengo mwingine waliiona inafungua soko mno, na Bunge lao halikuipigia kura kamwe. Desemba 1950 serikali ya Rais Harry Truman ilitangaza kwamba haitaipeleka tena. Liberia ndiyo iliyoridhia bila masharti. Kilichobaki mkononi kilikuwa GATT, mkataba wa ushuru uliofanya kazi hasa kwa bidhaa za viwandani, uliokusudiwa kushikilia nafasi kwa muda tu. Uliishikilia kwa miaka 47.

Kisha hata ndani ya GATT, wakubwa walijiondoa wenyewe katika kanuni pale zilipowabana. Mwaka 1955 Marekani ilipata ruhusa maalumu ya kuzuia mazao ya kilimo kutoka nje ili kulinda wakulima wake. Mwaka 1962 Jumuiya ya Ulaya ilianza sera yake ya pamoja ya kilimo, yenye bei za kulindwa na ruzuku kubwa. Tangu 1961 nguo za pamba ziliwekewa mgawo kuzuia viwanda vya Asia, utaratibu ambao katika sura mbalimbali uliendelea hadi mwisho wa 2004. Kahawa ghafi yetu ilipokewa bila shida, kwa kuwa haioti Bavaria wala Kansas. Lakini zao lilivyozidi kusindikwa ndivyo ushuru ulivyozidi kupanda. Nchi iliyotaka kukaanga kahawa yake au kufuma pamba yake iligongana na ukuta ambao mwenye gunia la kahawa ghafi hakuuona.

Kipande kimoja cha Havana kilifufuka, na kilifufuka kwa sababu ya Kuba. Baada ya mapinduzi ya Fidel Castro, serikali ya Rais John Kennedy iliogopa kwamba bei mbovu ya kahawa ingeisukuma Brazil na Kolombia kwenye njia hiyohiyo. Ndipo Marekani, mnywaji mkubwa wa kahawa kuliko wote, ilipokubali Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa wa 1962. Kila nchi muuzaji, Tanganyika ikiwamo, ilipewa mgawo wa magunia inayoweza kuuza kwa nchi wanachama. Mgawo ulisimamishwa mara kadhaa; haukuwapo baridi kali ilipoua mibuni ya Brazil Julai 1975 na bei kupaa kwa nguvu, kisha ukarudishwa 1980.

Sitaki kuupaka rangi ya dhahabu. Mgawo uligandisha mafungu, hivyo nchi mpya yenye kahawa nzuri ilipata taabu kupanua. Kahawa ya ziada iliuzwa kwa bei ya kutupa nchi zisizo wanachama, nyingine ikarudi kwa mlango wa nyuma. Na hapa nyumbani vyama vya ushirika vilivunjwa 1976, mamlaka ya zao ikachukua nafasi yao, na sehemu nzuri ya bei iliyotoka nje haikufika Mbozi wala Rungwe. Lakini mkulima alikuwa na uhakika kwamba kuna sakafu mahali fulani.

Julai 1989 wanachama walishindwa kukubaliana na mgawo ukaondolewa. Vita Baridi ilikuwa inakwisha na Washington haikuwa tena na hofu iliyoileta mezani. Ndani ya miezi michache bei ilianguka kwa karibu nusu. Tanzania ikaruhusu wanunuzi binafsi 1994, na mwaka 2001 arabika New York ilishuka chini ya senti 50 kwa ratili, kiasi ambacho hakilipi hata dawa ya kunyunyizia. Wapo waliong'oa mibuni iliyopandwa na babu zao wakapanda mahindi. Mkataba wa kahawa bado upo kwa jina. Umeandikwa upya mara kadhaa, wa karibuni ukiwa wa 2022, na hakuna hata mmoja wa hiyo iliyofuata wenye mgawo. Marekani ilijitoa 2018.

Reli iliyojengwa nje ya uzio

Kama kuna kitu katika nyanda hizi kinachoonyesha mipaka ya mfumo ule, ni stesheni za Makambako, Mbeya na Tunduma. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru Novemba 1965, shaba ya Zambia ilikosa njia salama ya kufika baharini. Benki ya Dunia ilikuwa imeshasema kwamba reli ya kwenda Dar es Salaam haitalipa. Kwa hesabu za tani na nauli huenda ilikuwa sahihi. Lakini Mwalimu Nyerere na Rais Kenneth Kaunda hawakuwa wanahesabu nauli. Walikuwa wanahesabu ni nani atakayeshika shingo ya Zambia.

China ikakubali mwaka 1967. Ilikuwa nje ya kila kitu tulichoeleza hapa: haikuwamo katika GATT, haikuwa na kiti Umoja wa Mataifa mpaka Oktoba 1971. Ilitoa mkopo usio na riba, reli ya kilomita 1,860 ikajengwa kati ya 1970 na 1975, na kukabidhiwa Julai 1976. Namna ya kulipia gharama za ndani ilikuwa ya aina yake: Tanzania na Zambia zilinunua bidhaa za China kwa mkopo, zikaziuza madukani, na shilingi na kwacha zilizopatikana zikalipa mishahara na kokoto. Sehemu hiyo ya reli ikalipwa kwa mauzo ya bidhaa madukani. Kwa mwanafunzi wa uchumi hii inafanana na biashara ya kubadilishana bidhaa, ile ambayo Hull aliichukia alipoiona kwa Wajerumani miaka ya 1930, lakini safari hii ilijenga madaraja na mahandaki ya kati ya Mlimba na Makambako ambayo soko la kawaida lilikataa kuyagharimia.

Nchi zilizoachwa nje ya meza zilijaribu pia kuibadilisha meza yenyewe. Mwaka 1964 zilipata mkutano wao wa biashara na maendeleo ndani ya Umoja wa Mataifa, ukiongozwa na Raúl Prebisch wa Argentina, na kundi la nchi 77 likazaliwa hapo. Februari 1979 mawaziri wao walikutana Arusha. Yaliyopatikana hayakuwa haba kabisa, ikiwamo nafuu ya ushuru kwa nchi maskini. Kisha madeni ya miaka ya 1980 yakavunja nguvu yao. Tanzania, baada ya miaka ya kuvutana na Shirika la Fedha la Kimataifa, ilisaini nalo 1986 chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi. Shilingi ikashushwa thamani, maduka yakajaa. Wale walioikumbuka foleni ya sabuni walishukuru, na walikuwa na haki ya kushukuru. Viwanda vilivyokuwa vimejengwa kwa mikopo vikakutana na ushindani ambao havikuandaliwa kuukabili.

Mpakani sasa

Tangu 1 Januari 1995 kazi ya GATT imeshikwa na Shirika la Biashara Duniani, na kwa mara ya kwanza kilimo kikabanwa na kanuni kikamilifu zaidi. Ruzuku za kusafirisha mazao nje zilikubaliwa kukomeshwa katika mkutano wa Nairobi, Desemba 2015. Ruzuku za ndani bado zipo. Chombo cha rufaa cha shirika hilo kimekwama tangu Desemba 2019, Marekani ilipozuia uteuzi wa majaji wapya, na mwaka 2025 Marekani hiyohiyo ikaweka ushuru kwa karibu kila nchi, kinyume cha kanuni iliyoiandika yenyewe mwaka 1947.

Kwetu jambo hili si la mbali. Aprili 2025 Tanzania ilizuia mazao kutoka Malawi na Afrika Kusini, ikijibu Malawi iliyokuwa imezuia bidhaa zetu na Afrika Kusini iliyokuwa imezikatalia ndizi zetu kwa miaka mingi. Zuio liliondolewa baada ya siku chache mazungumzo yalipoanza. Wote watatu ni wanachama wa jumuiya moja ya kusini mwa Afrika yenye eneo huru la biashara tangu 2008, na wote wamo katika mpango wa soko huru la bara zima. Malori ya Kasumulu, kwenye mpaka na Malawi, hayakulindwa na mkataba wowote kati ya hiyo. Yalilindwa na simu za mawaziri.

Na kwenye kakao ya Kyela, sura ya sita ya Havana inaendelea kukosekana mbele ya macho yetu. Desemba 2024 tani moja ilipita dola 12,000 New York, kwa sababu magonjwa na hali ya hewa vilikuwa vimepunguza mavuno ya Ghana na Ivory Coast. Watu wakapanda kakao palipokuwa na migomba. Kabla mwaka 2025 haujaisha, bei ilikuwa chini ya nusu ya hapo, na miche ile ilikuwa bado haijaanza kuzaa. Umoja wa Ulaya, mnunuzi mkubwa, umepitisha sheria ya kutaka kila shamba la kakao na kahawa lithibitishwe kwa ramani kwamba halikutokana na msitu uliokatwa. Utekelezaji umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini vyama vya msingi vitahitaji kuwa na ramani ya mahali lilipo kila shamba. Ushuru wa Ulaya kwa kakao yetu ni sifuri. Hakuna mkataba unaotaja bei.

Wajumbe wetu wanapokwenda Geneva au kukaa na Ulaya, huulizwa wataondoa ushuru kwenye bidhaa zipi. Ningependa waende na swali la wajumbe wa Havana likiwa limeandikwa juu kabisa ya karatasi yao, na wakae na Ghana, Ivory Coast, Ethiopia na Uganda kabla ya kukaa na mtu mwingine yeyote. Ghana na Ivory Coast zilianza 2019 kwa kudai nyongeza ya dola 400 kwa kila tani ya kakao, nje ya bei ya New York, na wanunuzi wakakubali kuilipa, ingawa baadaye walitafuta njia za kuipunguza kwa kubana malipo mengine. Ethiopia na Uganda ndizo zinazoongoza kwa kahawa barani. Tanzania ina kahawa yake Mbozi, Mbinga, Kilimanjaro na Kagera, na kakao Kyela, na haijaketi nao kama muuzaji mmoja.